Sauti ya Kuazima Katika Msimu wa Korosho

Ufikapo mwezi wa Oktoba, wakati mikorosho ya Lukuledi, ya Masasi na ya uwanda wa juu wa Newala inapoangusha mabibo yake, na watu wa kila nyumba, wazee kwa watoto, wanapoinama tangu asubuhi kuokota, kutenga korosho na mabibo, kuanika na kuchambua kabla magunia hayajashonwa, huanza pia msimu wa watu wa namna nyingine, ambao hawana shamba wala jembe, hawajapata kupuliza salfa juu ya jani hata moja, na aghalabu hawajawahi kuyaona majabali ya Masasi wala kulichungulia bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu, walakini hesabu ya mavuno yao huiweka kwa kalenda ile ile ya mkulima. Watu hao huvuna kwa simu. Hujitia makarani wa benki, wahakiki wa akaunti, maofisa wa huduma kwa wateja. Husema kwa upole na kwa ufasaha. Na huweza, katika muda usiozidi ule wa kuchemsha chai, kukomba jasho la mwaka mzima.

Wizi huu hauna uvunjaji ndani yake. Kufuli za benki hubaki salama, walinzi hubaki malangoni, na vitabu vya hesabu huonyesha kwamba mwenye mali ndiye aliyeutoa mwenyewe ufunguo. Kinachoibwa kwanza si fedha, bali ni sauti ya benki; na kinachomfungulia mlango yule aliyeiazima ni sifa ambazo kwa kawaida twazihesabu kuwa njema: adabu ya kumjibu anayekuamkia, imani kwa mwenye cheo, na subira ya mtu aliyezoea kungoja haki yake kutoka mbali. Kwa sababu hiyo haifai kumcheka aliyehadaiwa kana kwamba alikosa akili. Aliyekosa akili hana akaunti yenye fedha.

Huenda mtu akauliza kwa nini maayari hawa wavipende vijiji ambavyo havina hata tawi la benki, wakaacha miji iliyojaa matajiri. Jawabu limo katika njia inayopitwa na fedha ya korosho. Zao hili lilipata kufikia takriban tani 145,000 kwa nchi nzima katika msimu wa 1973/74, likaanguka kwa maradhi ya ubwiriunga, kwa bei duni, na kwa watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa wakayaacha mashamba yaliyo mbali. Kisha likafufuka, hata katika msimu wa 2017/18 likapita tani 300,000. Katika kufufuka huko biashara yake ilitiwa katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanzia mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima hamwuzii tena mnunuzi akapokea noti mkononi. Huzipeleka korosho zake katika chama cha ushirika cha msingi cha kijiji, AMCOS, zikapimwa, akapewa stakabadhi. Kutoka hapo huenda ghala kuu, zikapigwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa watu wa Masasi ni MAMCU na kwa watu wa Newala na Tandahimba ni TANECU. Mnunuzi hulipa, makato hukatwa kwa kufuata mjengeko wa malipo, na kinachosalia huingia katika akaunti ya mkulima.

Utaratibu huu ulikusudiwa kumwokoa mkulima na walanguzi wa kangomba, ambao huinunua korosho ya mwenye njaa kwa vikopo na vibaba kabla msimu haujafunguliwa, na kwa hilo una heri yake. Lakini kila hatua yake ni siku za kungoja, na anayengoja sikio lake hukaa wazi. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za minada, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likatumwa kuzisomba. Malipo yakafuatana na uhakiki wa wakulima na mashamba yao, na wako waliokaa miezi wakiambiwa kwamba majina yao yangali yanahakikiwa. Tangu wakati huo hapana mtu wa huku anayeshangaa kusikia kuwa fedha zake zimezuiliwa kwa upungufu wa taarifa. Tapeli basi hana haja ya kubuni uongo mpya. Hujiingiza tu ndani ya kweli ya zamani.

Kadhalika, katika msimu wa 2024/25, minada ilipohamia katika mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, redio na magazeti yaliitangaza bei hiyo nchi nzima, kama ilivyo wajibu wao. Aliye maili mia nyingi kutoka Lukuledi, ambaye hajui hata gunia la korosho hushonwa vipi, aliweza kukadiria ni kiasi gani kilichokuwa njiani kumfikia mkulima wa kawaida, na katika wiki gani. Habari njema ikienea, huenea kwa wote.

Simu yenyewe huja kwa namna nyingi, lakini mfano mmoja watosha kuonyesha ufundi wake. Mzee ameketi barazani, saa nne ya asubuhi, simu yake ndogo ya vitufe ikalia kwa namba asiyoijua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka makao makuu ya benki, Dar es Salaam, huduma kwa wateja." Na hapo mpigaji hulitaja jina la mzee kwa ukamilifu, kama lilivyosajiliwa katika laini, asikosee hata herufi.

"Naam, ndiye mimi."

"Mzee wangu, hapa mbele yangu nayaona malipo yako ya korosho ya mnada wa pili. Yamekwama, kwa kuwa akaunti yako haijahakikiwa. Mfumo unafungwa leo saa sita, na zikipita saa sita fedha zinarudi kwa mnunuzi. Usikate simu. Wala usiende kwa wakala, maana hao ndio wanaowaibia wazee wetu. Sasa hivi kuna ujumbe umekuingilia wenye tarakimu sita. Nisomee, nikumalizie."

Katika maneno hayo machache hamna neno lililotupwa bure. Salamu ilitangulia kwa sababu mtu wa Masasi au Newala aliyelelewa vyema hawezi kumkatia simu kijana aliyemwamkia. Heshima imekwisha kumfunga mikono kabla mazungumzo hayajaanza. Jina likafuata, na jina ndilo linaloondoa shaka ya wengi, kwani husema mioyoni mwao: asingekuwa mtu wa benki angelijuaje? Lakini jina si siri. Mtu yeyote anayeingia katika huduma ya fedha za simu na kuanza kutuma pesa kwa namba fulani huonyeshwa jina la mwenye namba ile kabla hajathibitisha, na akiisha kulisoma huweza kughairi muamala asipoteze hata senti. Kilichowekwa ili mtumaji asikosee ndicho kinachompa laghai hati ya utambulisho. Ndiyo maana hata ule ujumbe unaojulikana na kila mwenye simu katika Tanzania, ule usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii na jina litakuja la fulani, hujitapa kwa jina kana kwamba jina ni dhamana.

Baada ya jina hutiwa haraka: saa sita leo. Wakati ndio adui mkubwa wa hadaa, maana uongo hauvumilii kutazamwa mara mbili, na mtu akipewa nafasi ya kumwuliza mkewe, au mwanawe aliye shuleni, au katibu wa AMCOS, nusu ya uchawi huwa imekwisha kutanguka. Kwa hiyo, pamoja na haraka, huja kutengwa: usikate simu, usiende kwa wakala. Mwenye nia njema hamwogopi shahidi; ni mwizi tu anayetaka mazungumzo yawe ya watu wawili. Mwisho huja ombi la zile tarakimu sita, na hilo ndilo shabaha ya yote yaliyotangulia. Tarakimu hizo kweli zimetoka benki, lakini zimekuja kwa sababu tapeli mwenyewe, kwa wakati ule ule, anajaribu kuifungua huduma ya benki ya mzee katika simu yake yeye tapeli, na benki imemwandikia mwenye mali kumwuliza kama ndiye. Akizisoma kwa sauti, amejibu kwamba ndiye.

Iko namna nyingine ambayo haiombi siri yoyote, nayo imewahadaa hata watu wenye elimu. Mpigaji humwongoza mteja hatua kwa hatua katika simu yake mwenyewe: piga nyota mia moja na hamsini, chagua moja, weka namba hii ambayo ni ya ofisi ya uhakiki, sasa weka namba ya faili lako. "Namba ya faili lako ni 480000," husema, na mzee, ambaye macho yake hayasomi vyema maandishi madogo ya kioo, huandika 480000 mahali pa kiasi cha fedha, kisha hutia namba yake ya siri kwa kidole chake, bila ya kumwambia mtu. Hakuitoa siri, ametoa mali yenyewe. Wengine hutumiwa ujumbe wa kughushi unaosema wamepokea fedha, ukafuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba, naye aomba kwa jina la Mungu arudishiwe. Mwenye huruma hurudisha kutoka katika akiba yake, kwani kilichoingia kilikuwa maneno matupu. Wenye simu za kisasa huletewa kwa WhatsApp tangazo la mkopo wa haraka lenye nembo na rangi za benki, na kiungo kinachompeleka mtu katika ukurasa wa bandia ambako huandika kwa mkono wake kila kitu kinachotakiwa na mwizi.

Tena kuna mlango wa nyuma, ambao ni laini yenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA ulianza Mei 2019, na wasiosajili walianza kuzimiwa Januari 2020, kwa kusudi jema la kuwafanya wenye simu wajulikane. Lakini wasajili wanaozunguka na meza na miavuli yao katika minada na magulio wapo waaminifu na wasio waaminifu, na asiye mwaminifu humwambia bibi kwamba kidole hakikusoma, akiweke tena, na tena. Kila kinaposoma, laini nyingine huzaliwa kwa jina la bibi, ikauzwa kwa mtu asiyemjua. Siku upelelezi utakapofika, jina litakalokutwa ni la bibi. Dawa yake ni nyepesi: kupiga *106# na kutazama ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usizozijua kuzikana mbele ya kampuni ya simu.

Pamoja na wingi huu wa hila, kanuni ya kuzitambua ni fupi kuliko hila zenyewe. Benki haimwulizi mteja namba yake ya siri, kwa kuwa haina kazi nayo. Haimwombi amsomee mtu tarakimu zilizomjia kwa ujumbe, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyozituma. Haimwongozi mtu kutuma fedha ili apokee fedha. Wala haina saa sita ambayo ikipita, mali ya mtu hupotea. Kampuni za simu, kwa maelekezo ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, humpigia mteja kwa namba 100 peke yake, na ajitambulishaye kuwa ofisa wao kwa namba ya kawaida amejishitaki kwa kinywa chake. Anayeambiwa kwamba fedha zimeingia asiusadiki ujumbe. Aangalie salio kwa kupiga mwenyewe, iwe *150*00# kwa mwenye M-Pesa au namba ya huduma anayoitumia. Na anayepata shaka yoyote akate simu, kisha aiondoe shaka yake kwa kuipigia benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yake, si kwa namba aliyopewa na mpigaji.

Msomaji asidhani kwamba balaa hii ni ya washamba wa kusini. Katika karne ya kumi na tisa, kabla simu haijaenea, watu wa Uingereza na Marekani waliletewa barua kutoka kwa aliyejiita rafiki wa tajiri aliyefungwa gerezani katika Hispania, ambaye angewagawia hazina yake lau wangemtumia kwanza fedha kidogo za kumkomboa, na wasomi kwa wafanyabiashara wakatuma. Leo ndugu zetu wa Maskati hupokea ujumbe kwamba kadi zao za benki zimefungwa, na Polisi ya Oman imekuwa ikiwaonya mara kwa mara wasimpe mtu namba zao. Katika Kenya, Safaricom imelazimika kuwafundisha wateja kuwa humpigia mtu kwa namba 0722 000 000 tu. Uingereza nako, nchi yenye benki za miaka mia tatu, iliwekwa namba fupi ya 159 ili anayeshuku simu aikate na kuifikia benki yake ya kweli. Na tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za huko zimetakiwa kumrudishia aliyehadaiwa akatuma fedha mwenyewe, hata kufikia pauni 85,000, isipokuwa kwa sharti maalumu. Mtu wa Newala hana kinga kama hiyo. Kwake yeye muamala aliouthibitisha kwa namba yake ya siri huhesabiwa kuwa ni wake, na kwa hiyo upesi wa kutoa taarifa ndio bima pekee aliyo nayo.

Upesi huo si jambo la siku, ni jambo la dakika. Fedha iliyoibwa haikai mahali. Hurushwa kutoka laini hii hadi laini ile, kisha hutolewa kwa wakala katika mji ambao mwenyewe hajapata kuutia mguu. Taarifa za TCRA za kila robo ya mwaka zimekuwa zikiitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiko zinakoonekana nyingi katika namba za majaribio ya utapeli. Hilo si kosa la wakazi wake, ambao wengi ni wakulima kama sisi, lakini laonyesha umbali uliopo kati ya mwizi na aliyeibiwa, kutoka Ruvuma hadi ziwa Rukwa. Aliyegundua basi asikae kulia. Kwanza aipigie benki, aombe akaunti yake izuiwe. Pili apige 100 kwa kampuni ya simu ya laini iliyotumika, ataje muamala na aombe fedha zishikwe kama hazijatolewa. Na kama simu yake yenyewe imepoteza mtandao ghafula bila ya sababu, ajue kuwa huenda laini yake imehamishiwa kwa mtu mwingine, aombe simu ya jirani. Tatu aipeleke namba ya tapeli katika namba 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa kazi hiyo, ili laini ile ifungiwe isiendelee kuwala wengine. Na hili alifanye hata yule ambaye hakupoteza kitu, aliyeshtuka mapema akakata. Nne aende kituo cha polisi, aeleze, achukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, kwa kuwa bila ya hiyo malalamiko yake hubaki kuwa hadithi. Na ujumbe wote ulioingia asiufute, hata kama kuusoma kwamtia uchungu, kwani ndio ushahidi wake.

Sheria haikuusahau uovu huu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka ule, iliufanya udanganyifu kwa njia ya kompyuta kuwa jinai, na katika kifungu chake cha 15 ikamtaja waziwazi mtu anayejivika utambulisho wa mwingine, ikamwekea faini isiyopungua shilingi milioni 5, au mara tatu ya faida aliyoipata ikiwa hiyo ndiyo kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Adhabu hiyo si ndogo. Lakini sheria ni mkono usio na macho. Huwashika wale tu ambao watu wamewaonyesha kwa kidole, na hapa ndipo lilipo donda la mambo haya.

Katika vijiji vyetu aliyehadaiwa husemwa kuwa amepigwa, na neno hilo mara nyingi hutamkwa kwa kicheko. Baba aliyepoteza fedha ya ada na ya salfa ya mwaka ujao huona afadhali kumwambia mkewe kwamba malipo hayajaingia kuliko kukiri kwamba aliisoma siri yake kwa mtu asiyemwona. Mwalimu mstaafu hunyamaza kwa kuwa alipata kuwafundisha wengine. Mweka hazina wa kikundi cha kina mama hunyamaza kwa hofu ya kudhaniwa kuwa amekula mwenyewe. Naye tapeli, kwa kuwa orodha yake ya namba hufuatana na watu wa sehemu moja na msimu mmoja, kesho yake humpigia jirani, akamwamkia kwa maneno yale yale, akamtajia mnada ule ule, akampa saa sita ile ile. Na jirani huingia katika shimo ambalo mwenzake alikwisha kulijua. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya mambo ni mazito zaidi, maana anayeumbuliwa si yule aliyeficha peke yake, bali na wale waliomzunguka.

Kwa hiyo yafaa tuyapange upya mafunzo yetu ya heshima. Kumjibu anayekuamkia ni murua, na haifai uache kuwa murua. Lakini kumkatia simu mtu anayekutaka siri yako si utovu wa adabu hata kidogo, kama ambavyo si utovu wa adabu kumfungia mlango mgeni anayetaka kuingia chumbani badala ya barazani. Wazazi wetu walijua mpaka huo bila ya kufundishwa. Ni sauti isiyo na uso iliyotusahaulisha. Na kijana anayemkuta babu yake anaongea na mtu wa benki huku ameinamia vitufe asione haya kumwomba simu. Wala wakala anayeletewa fedha za kutuma na mtu mwenye simu sikioni na jasho usoni asione haya kuuliza zinakwenda kwa nani. Wakala ndiye tawi la benki la watu wa Lukuledi, na swali lake moja laweza kuokoa zaidi ya kesi kumi.

Benki nazo, na vyama vikuu, wana deni lao. Haitoshi kutuma ujumbe wa maonyo kila mwisho wa mwezi ikiwa kesho yake tangazo la benki hiyo hiyo linamtaka mteja abonyeze kiungo, au karani wake anampigia kwa namba ya kawaida kumwuliza habari za akaunti. Mteja atautofautishaje mwito wa kweli na wa uongo ikiwa yote miwili huvaa nguo moja? Taasisi inayotaka sauti yake isiazimwe sharti iwe na namna moja tu ya kusema, ijulikane kwa wote, na isiivunje hata kwa kazi njema. Vivyo hivyo, fedha za mnada zinapochelewa, afadhali AMCOS itangaze hadharani kwamba zimechelewa, kwa sababu gani, na zatarajiwa lini, kuliko kuwaacha watu wakisikiliza simu. Tapeli hufanya biashara ya habari zinazokosekana, na zikiwapo habari hana la kuuza.

Hadhara hiyo tunayo tayari, haihitaji kujengwa. Kila AMCOS ina mkutano wake kabla ya msimu, ambapo makato husomwa kwa sauti shilingi kwa shilingi, na mkulima asiyejua kusoma huweza kusimama akahoji kwa nini ushuru huu umeongezeka na ule wa mwaka jana ulikwenda wapi. Na hapana anayeona aibu kuuliza, kwa kuwa mali ni ya wote. Katika mkutano huo huo, baada ya mjengeko wa malipo, yafaa iwekwe ajenda ya utapeli. Karani asome namba ya 15040, ile ya 100 na ile ya benki. Atangaze kwamba hapana malipo ya chama yanayohakikiwa kwa simu. Kisha mwenyekiti awaombe waliopigiwa katika msimu uliopita, waliopotelewa na waliosalimika, wasimame waeleze waliambiwa nini. Mzee wa kwanza atasimama kwa shida. Wa pili atasimama kwa wepesi zaidi. Na yule mtu wa mbali, atakapopiga Oktoba kuwahimiza watu kwamba mfumo unafungwa saa sita, atajibiwa na kijiji ambacho kimekwisha kuisikia hadithi yake mpaka mwisho, na mwenye simu ataiandika namba yake na kuipeleka inakotakiwa kabla hajalichukua kapu lake kurudi chini ya mikorosho.